Spika ya kiunoni ya TSh 45,000: maoni ya mwalimu wa Darasa la Kwanza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mliyoifuata. Spika hii ya kumpazia mwalimu sauti darasani mimi nimeinunua Kariakoo kwa TSh 45,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 60,000. Kwa hela hiyo unapewa kispika cha kujaa kiganja, mkanda wa kukifunga kiunoni, maiki ya kuvaa kichwani yenye waya, waya wa kuchajia, na kikaratasi cha maelezo ambacho nusu yake ni Kichina na nusu ni Kiingereza cha kubahatisha. Jina lililoandikwa juu yake silitaji kwa sababu halitakusaidia: umbo hilohilo na vitufe hivyohivyo utavikuta duka la jirani vimebandikwa jina jingine. Ukifika waambie unataka spika ya kiunoni ya kuhubiria. Watakuelewa upesi, kwa kuwa wateja wao wakubwa ni wahubiri wa vituo vya daladala na wauza sumu ya panya.

Kama unafundisha awali, la kwanza au la pili, na jioni ukifika nyumbani sauti haitoki, inunue. Kama unafundisha la sita, wanafunzi 40 waliotulia, hela yako kanunulie viatu vizuri. Huo ndio uamuzi wangu. Sasa sababu.

Nipo shule ya serikali upande wa Mbagala. Uwiano tunaoambiwa kwenye semina ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mkondo wangu una watoto 90 na ushee, wa miaka sita na saba, wanaobanana wanne wanne kwenye dawati la watatu. Juu ni bati tupu, dari hakuna. Ukuta unaotutenganisha na chumba cha pili umeishia usawa wa linta, kwa hiyo jedwali la mara mbili la Darasa la Tatu nalisikia lote, nitake nisitake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 1999 kwamba kelele za darasani, kabla mwalimu hajafungua mdomo, zisizidi desibeli 35, yaani utulivu wa maktaba. Kwetu mvua ya masika ikianza kupiga bati hata maktaba yenyewe ingehama.

Wenzetu wa madarasa ya juu wana ujanja wao: unaandika zoezi ubaoni, unasema "kimya, fanyeni", unakaa. Darasa la Kwanza huwezi kuandika ubaoni "fungueni madaftari", kwa kuwa hawajui kusoma, ndicho walichokuja kujifunza. Kila kitu ni mdomo. Kaa, simama, toa penseli, acha kumvuta mwenzako shati, sema "ma", tena "ma", wote "ma". Vipindi vya dakika 30, kimoja kinaisha kingine kinaanza na mwalimu ni yuleyule. Halafu ikifika wiki yako ya zamu, kuna mstarani asubuhi: matangazo, usafi, kucha, wimbo wa taifa.

Sauti yangu ilianza kukwaruza taratibu. Jumatatu nzima, Jumatano imepwelea, Ijumaa inatoka pumzi tupu, na mwisho wa wiki ikipumzika inarudi. Nikadhani mafua. Ofisini wakaanza kuniita Mzee. Nikanywa tangawizi na asali, nikatafuna karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikamaliza pipi za koo za duka zima. Nyumbani ndiko kulikoniuma. Mwanangu wa kiume yupo la tano, alikuwa akija na daftari lake la hisabati namjibu kwa mkono. Siku moja akaniuliza, "Mama, kwani umenuna?" Sikuwa nimenuna. Sauti yote nilikuwa nimeiacha kwa watoto wa watu.

Kadi ya NHIF ikanifikisha kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akapitisha kikamera chembamba puani, machozi yakanitoka, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta: nyuzi mbili nyeupe za sauti zikifunguka na kufunga, na katikati yake kila uzi una kijivimbe kidogo, vimetazamana. Akasema ni vinundu, sawa na sugu anayoota mshika jembe. Kwa mwanamke, nyuzi hizo hugongana kama mara 200 kwa sekunde moja ya mazungumzo ya kawaida. Ukipaza, zinagongana kwa nguvu zaidi.

"Mwalimu, dawa yake ya kwanza ni kuipumzisha sauti," akaniambia.

"Nitaipumzisha lini, daktari? Desemba?"

Akacheka, lakini alikuwa amenielewa. Akanipa maelekezo ambayo nayo naona niyaandike hapa kwa sababu spika bila hayo ni kazi bure. Usinong'one ukidhani unajihurumia, wengi wetu tukinong'ona tunakaza koo kuliko tukizungumza kwa sauti ya chini. Acha kujikohoza kila dakika kusafisha koo. Meza mate au piga funda la maji. Maji unywe kutwa, kidogo kidogo, kwa sababu hayapiti juu ya nyuzi zile unapomeza, yanazifikia kupitia mwilini, na hilo huchukua muda. Punguza pipi zile kali za kuwasha, zinakausha. Na utafute kitu cha kukupazia sauti.

Hilo la mwisho nililichukulia mzaha mpaka niliposoma mwenyewe. Mwaka 2002 Nelson Roy na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa walimu wenye matatizo ya sauti: kundi moja wakapewa spika za kuvaa, kundi la pili wakafundishwa tu jinsi ya kutunza sauti, kundi la tatu wakaachwa kwanza bila msaada wowote. Waliovaa spika ndio waliopata nafuu ya wazi. Kufundishwa peke yake hakukuleta matunda ya maana. Na mimi nikajiuliza, semina ngapi nimehudhuria za zana za kufundishia, na koo langu halijawahi kutajwa kama zana?

Basi Kariakoo. Nilikwenda upande wa mitaa ya Aggrey na Msimbazi, kwenye vibanda vya vifaa vya simu na redio. Kijana akaivaa, akafungua sauti yote, "Alo! Alo! Tunajaribu!" wapita njia wakageuka.

"Mama yangu, hii hata Uwanja wa Mkapa wanakusikia."

"Mwanangu, mimi sitaki wanisikie Uwanja wa Mkapa. Nataka wanisikie dawati la nyuma, na mimi nisipaze."

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Kariakoo haina ukimya, kwa hiyo kila spika hujaribiwa ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na ile inayopiga kelele kuliko zote ndiyo inayonunuliwa. Mwambie akupe uivae wewe. Weka sauti nusu. Zungumza kama unavyozungumza na mtu aliyekaa ubavuni pako, mtume mwenzako asimame hatua kumi nyuma, muulize kama anasikia maneno, asikuambie kama anasikia kelele. Kisha shika waya wa maiki pale unapoingia kwenye spika, uchezeshe. Ikikatakata, rudisha. Kava ya yangu imeandikwa wati 10; hizo wati za kwenye makaratasi ya Kichina mimi siziamini, na wewe usiziamini, ila kwa chumba cha darasa inatosha bila shida. Nje mstarani inatosha kama shule nzima imetulia. Upepo ukivuma kwenye maiki inasikika kama jiko la mkaa linapepewa, geuza uso.

Siku ya kwanza darasani ilikuwa ni maonyesho. Walinyamaza wote, midomo wazi. Halafu wakaanza kutafuta sauti inatoka wapi, kwa sababu mdomo wangu uko juu na sauti inatokea kiunoni. Binti mmoja wa dawati la mbele akainuka, akanisogelea, akainama kidogo, akaiambia spika: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Wiki nzima walikuwa wanazungumza na kiuno changu. Ukiifikiria lakini, mahali pale ni pazuri. Mtoto aliyekaa masikio yake yako usawa wa kiuno changu, sauti inakwenda moja kwa moja.

Sasa jambo lenyewe. Binadamu akiwa penye kelele anapaza sauti bila kujijua. Mfaransa mmoja, Étienne Lombard, alilieleza hilo mwaka 1911 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Darasani ni mashindano: wao wanapaza, mimi napaza juu yao, wao wanapaza juu yangu. Spika inavunja mashindano hayo kama utakubali wewe kushuka kwanza. Mimi nazungumza kama niko sebuleni, dawati la nyuma wananisikia, na baada ya muda nao wanashuka, kwa sababu hakuna tena wa kumpandia. Koo halikazwi, mabega hayapandi, na kichwa, ambacho nilidhani kinaumizwa na joto, kimeacha kuniuma saa nane mchana.

Ila ukiivaa halafu ukaendelea kufoka, umejinunulia kelele. Mwenzangu wa la tatu aliiazima siku ya zamu yake. Alifoka ndani ya maiki tangu mstarani hadi kengele ya kutoka, jioni akanirudishia akasema haina kazi, sauti yake imekauka vilevile. Sikumbishia. Nilikuwa nimemsikia asubuhi nzima, kupitia juu ya ukuta.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia, kwa sababu hafundishi KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Spika hii inakula herufi. Sauti kama "s", "f", "sh" na "th" zinakaa juu sana, na kispika cha bei hii hakizitoi sawasawa. Nilifundisha "fa, fe, fi, fo, fu", nikapita kwenye madaftari nikakuta dawati zima limeandika "sa, se, si, so, su". Nikarudia, wakarudia. Nikavua maiki, nikawasogelea, nikawaonyesha meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, papo hapo wakapata. "P" na "b" nazo zina kasoro yake, zinapiga puu kwenye maiki kama ukiiweka mbele ya midomo. Isogeze pembeni, upande wa shavu, na sponji yake usiivue. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: maelekezo, hadithi, nyimbo, kuhesabu, hisabati za mdomo, yote kwa spika. Kipindi cha kutambulisha sauti mpya ya herufi, spika naizima, natembea katikati ya madawati na wanauona mdomo wangu. Mwalimu atakayeivaa kutwa bila kujua hili atawalaumu watoto kwa kosa la spika.

Kasoro nyingine nazitaja haraka. Inapiga mluzi ukisogeza maiki karibu na spika, hasa unapoinama kumsahihishia mtoto daftari; funika maiki kwa kiganja kabla hujainama, baada ya muda mkono unazoea wenyewe. Mkanda wake ni mfupi, umekatwa kwa kiuno cha mtu ambaye hajazaa, mimi nimeuunganisha na utepe wa begi la zamani. Gauni la kitenge lisilo na mkanda linavutwa upande mmoja. Jasho linalainisha ile pete ya kichwani, na ukivaa mtandio au hijabu itabidi uchague kuivalia juu au chini; mwenzangu anaivalia shingoni na inafanya kazi vizuri tu.

Jirani je? Nilikwambia ukuta wetu umeishia njiani. Wiki ya kwanza mwalimu wa la tatu, si yule wa kufoka, mwingine, alikuja kwa adabu akaniambia, "Mwalimu, darasa langu lote linajifunza irabu." Tukakubaliana: simama kona ya mbali na ukuta wake, sauti isipite nusu, na nyimbo zangu ziende sambamba na mapumziko yake. Kama shule yenu ina kuta fupi, zungumza na jirani kabla hujawasha. Shule nzima ikiwa na spika kila chumba sijui tungeishije, kwa kweli itakuwa kama Kariakoo yenyewe.

Betri imenishangaza kwa uzuri. Imeandikwa 1800 mAh, inamaliza siku ya kazi bila kuzimika, kwa sababu siweki sauti juu na naizima wakati watoto wanaandika. Naichaji usiku pamoja na simu. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi yake nakwenda na kilichobaki na natumia kwa mambo ya lazima. Inachaji kwa waya ule wa simu za zamani kidogo, ule mwembamba, kwa hiyo usiutupe wa simu yako ya kwanza.

Kitu nilichodhani ni pambo kimegeuka kuwa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ina tundu la memori kadi. Nikajirekodi kwenye simu Jumamosi asubuhi, sauti ikiwa nzima: nyimbo za irabu, ya kuhesabu mpaka ishirini, ya siku za wiki, na ile ya kunawa mikono. Nikahamishia kwenye kadi. Sasa tukifika kwenye wimbo nabonyeza, inaimba spika, watoto wanaitikia, mimi nacheza nao huku mdomo umefungwa. Dakika tano hapa, dakika tano pale, koo linapumzika darasa likiendelea. Redio pia imo, ila ya nini darasani.

Haya, tuje kwenye kile ambacho spika haikifanyi, kwa sababu nimeona watu wanaisifia kama dawa. Haikunyweshi maji. Walimu tunajijua: hatunywi maji kazini kwa sababu choo ni kimoja kwa walimu wote, kiko mbali, na ukitoka nani atabaki na wale 90? Tunajizoeza kukaukiwa, mpaka tunajisifia. Mimi nimefanya mapatano na mwalimu wa mkondo B. Mmoja akitoka, mwenzake anasimama mlangoni anaangalia vyumba viwili, na kwa kuwa madarasa yetu yamepakana inawezekana. Chupa ya lita moja naiweka mezani, iishe kabla ya saa nane. Haya mapatano hayakugharimu hata senti, na naona yamenisaidia karibu sawa na spika.

Vumbi la chaki haliondoi. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, na usifute ukiwa unazungumza. Miguu haipumzishi. Madaftari hayasahihishi: 90 ya kusoma, 90 ya kuhesabu, na ukiyabeba nyumbani usiku wako wote umekwisha. Nilichofanya ni kusahihisha nikiwa napita, kalamu mkononi, watoto wakiandika, dawati kwa dawati. Zamani sikuweza, kwa kuwa kila nikiinama nyuma ya chumba ilinibidi nipige kelele kwenda mbele. Sasa niko nyuma kabisa, nimeinamia daftari, naiambia safu ya mbele "Juma na mwenzako, nawaona" kwa sauti ya kunywea chai, na wanageuka wakishangaa nimewaonaje. Madaftari ya kubeba yamepungua zaidi ya nusu. Sikuitegemea faida hii.

Na zipo njia za bure ambazo ujaribu kabla hata ya nauli ya Kariakoo. Makofi ya mpango, mimi napiga mawili wao wanajibu matatu. Kuinua mkono na kusubiri, inachukua muda mwanzoni, vumilia. Kengele ndogo ya mezani. Usiwaite kutoka upande wa pili wa uwanja, tuma mtoto. Kile kipaza sauti cha mkono, cha mnadani, usikilete darasani. Kimetengenezwa kwa uwanja, kinakushika mkono mmoja siku nzima, na ndani ya bati kinaumiza masikio ya watoto.

Huduma baada ya kununua: usitarajie. Waya wa maiki yangu ulikatika pale unapojikunja karibu na plagi, muhula wenyewe haujaisha. Nilirudi dukani na risiti. Kijana, yuleyule wa Uwanja wa Mkapa, akaniambia waranti ni ya spika, maiki ni "kitu cha kutumika". Sikuwa na nguvu za kubishana, na ndiyo kwanza sauti ilikuwa imerudi, nikaona nisiipoteze kwa hilo. Maiki mpya ni TSh 8,000. Ile ya zamani fundi simu wa jirani yangu Chamazi ameilehemu kwa 2,000, na sasa ndiyo ya akiba. Plagi yake ni ile ya kawaida ya spika za masikioni, kwa hiyo hufungwi na duka moja.

Mtaniuliza kwa nini shule isinunue. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa TSh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ni ya vitabu, na kinachofika shuleni kinagawanywa kwa chaki, mitihani, ukarabati, michezo. Namwelewa mwalimu mkuu. Lakini koo la mwalimu wa la kwanza lingewekwa kwenye fungu moja na chaki, nisingeona ajabu. Chaki bila sauti huku chini haifundishi mtu. Mwalimu mkuu wangu ameiona, ameivaa mstarani, amesema atalifikisha kwenye kikao cha kamati ya shule. Nasubiri.

Nimerudi kwa daktari likizo ya Juni. Kikamera kilekile, machozi yaleyale. Vinundu vimepungua, havijaisha. Akaniambia niendelee hivihivi, nisiimbe kwaya kwa sasa, hilo limenikera lakini nimetii. Ijumaa siku hizi nafika nyumbani nikiwa na sauti ya kumsomea mwanangu mdogo hadithi, na yule wa la tano namfundisha hisabati mpaka ananiomba nimwache. Kama kwako imekaa hivi zaidi ya wiki tatu, sauti inakwaruza na hairudi hata ukipumzika, usianze na duka, anza na hospitali. Sauti inaweza kukauka kwa sababu nyingine ambazo spika haizioni.

Kwa wanaokwenda: nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi hamtasikilizana. Usilipe zaidi ya 50,000. Nunua na maiki ya akiba hapohapo kabla hujaondoka, uijaribu nayo, na uombe sponji mbili, maana ya kwanza mtoto ataichukua akidhani ni pipi.